Mahindi Yakikomaa, Utakuja

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kadiri karatasi hii itakavyoweza kubeba. Huku nyumbani tu wazima wa kujikongoja: goti la Baba linamsumbua kila asubuhi, likishapata jua linamsamehe, mimi na mgongo wangu wa kupiga pasi ni wale wale, na mwanao anarefuka mpaka viatu ulivyomtumia vimeanza kumbana vidoleni. Nawe je? Kikohozi kile kimekuacha? Wale wazee unaowahudumia wamejifunza kusema asante, au bado wanakuita kwa kengele? Tunakuwaza sana. Baba kila akinywa chai huniuliza huko uliko sasa ni saa ngapi. Nikimjibu, husema, “Maskini, bado yuko kazini,” hata kama nimemwambia kwamba saa hizi umelala.

Najua utashangaa kupokea barua wakati simu ipo. Dada, simu yetu ina masikio mawili madogo yanayojibana ubavuni mwangu kila nikiongea na wewe. Halafu na mimi mwenyewe nikisikia sauti yako nacheka tu, sijui kwa nini; hata habari ya kuungua nyumba nadhani ningekupa huku nacheka. Karatasi hainichekeshi. Kuna jambo nimelibeba na limenilemea, lakini siwezi kulisema bila kukusimulia kwanza habari ya mahindi. Nivumilie. Ukiona naandika habari za wadudu ukurasa baada ya ukurasa, usiseme mdogo wako amechanganyikiwa.

Unakumbuka siku Chiriku wako alipokuuliza kwenye simu utakuja lini. Ukamtajia miezi, naye akataka kujua mwezi una kulala mara ngapi, ukacheka, kisha ukamwambia, “Kwenye vile viatu nilivyokutumia, kiatu cha kushoto, kuna mbegu za mahindi matamu. Zipande na Babu. Mahindi yakikomaa, Mama atakuja kukuchukua.” Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika simu. Nilimwona anavyoyameza maneno yale. Akakimbia moja kwa moja kwenye viatu, hakuvijaribu hata mguuni, akavitikisa mpaka kifurushi kikaanguka.

Baba naye unamjua. Mtu aliyejenga kuta za watu maisha yake yote hawezi kupanda kitu kikapinda. Alisafisha ule uwanja ulio kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, akatoa vifusi na vipande vya vigae, akaleta uzi wake wa kujengea, akapigilia vijiti, akapima. Kwa macho yangu nilimwona anaweka pima maji juu ya udongo! Nikamuuliza kama mahindi nayo huwekewa msingi, akaniambia niende nikapige pasi. Chiriku akawa anatembea nyuma yake akidondosha mbegu kila shimo, na kila mbegu anaiambia iamke mapema. Nataka ukumbuke hilo, dada. Mwanzoni aliziomba ziamke.

Nazo ziliamka. Mistari ilitoka imenyooka kama ukuta, kijani kibichi, na kila jioni nikirudi kutoka kwa dobi nilikuta babu na mjukuu wamechuchumaa wanaitazama kama watu wanaotazama mpira. Chiriku alikuwa hafungi mdomo. Mihindi mingine aliipa vyeo, mingine aliigombeza kwa uvivu. Usiku usingizini alikuwa anaota kwa sauti. Jina lile hatukumpa bure; ndege mwenyewe angeomba kupumzika.

Kisha, mihindi ilipofika magotini, Baba aliniita niangalie majani. Yalikuwa na vidoa vyeupe vinavyopitisha mwanga, kama mtu amekwangua kijani na kuacha karatasi. Baba akauliza ni nani aliyemtobolea madirisha kwenye ukuta wake bila ruhusa. Tukacheka. Siku zilizofuata madirisha yakawa milango. Majani yakawa yamechanika kama nguo iliyoliwa na panya, na katikati ya mhindi, pale majani machanga yanapojikunja, kukawa na uchafu wa rangi ya kahawia kama unga wa msumeno. Baba aliufukua kwa kijiti, akatoka kiwavi mnene, ana kichwa kama amevaa kofia, akajikunja kwenye kiganja cha Baba kana kwamba yeye ndiye aliyeonewa.

Hapo ndipo vita vilipoanza, na nakwambia, dada, hatukuacha silaha. Tulianza na majivu. Nilikuwa naomba majivu kwa mama wa mtaa wa pili anayechoma mikate, nayaleta kwenye mfuko, na Baba anatia kidogo kidogo kwenye moyo wa kila mhindi kama mtu anayekoleza chumvi. Vikafa vingine, vingine vikanenepa. Tukajaribu mchanga mkavu. Tukajaribu maji ya sabuni, nikawa nakuja na povu la kazini kwenye chupa. Baba akasikia habari ya pilipili, akatwanga, akachuja, akanyunyiza, kisha akasahau akajifuta jicho. Siku nzima alikaa na kitambaa kibichi usoni akiwatukana viwavi na ukoo wao wote. Jani la mhindi likigeuzwa, chini yake tulikuta mayai yamefunikwa kwa kitu kama pamba, na Baba akawa anayaponda kwa kidole gumba, mhindi kwa mhindi, huku goti linamlilia.

Mwisho alikwenda kwenye duka la pembejeo. Muuzaji alimsikiliza, akamuuliza swali moja tu, kama vimeshaingia moyoni. Baba akamwambia ndiyo. Yule bwana akatikisa kichwa, akasema vikishaingia moyoni huziba mlango kwa uchafu wao, na dawa huishia nje. Hata hivyo alimpa chupa, na masharti yake, na siku za kungoja kabla mtu hajala. Chupa ile ilikaa juu ya kabati muda mrefu. Baba alikuwa anaogopa kunyunyiza sumu mahali ambapo mtoto anacheza. Alipochoka kuogopa tulimfungia Chiriku chumbani na midoli yake, Baba akajifunga kitambaa puani, akapulizia. Siku mbili tulitembea kifua mbele. Viwavi vilikuwa vimeanguka chini vimekauka kama nyuzi. Nakwambia tulikunywa chai uwanjani kwa fahari.

Halafu vikarudi. Baba alikwenda tena dukani, na muuzaji akasema labda nondo wanatoka kwa majirani, na nondo haulizi mpaka. Lakini majirani zetu wanapanda nini, dada? Upande mmoja ni gereji, upande wa pili ni ukuta na mbwa. Baba akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaanza kuwashuku hata wale sisimizi wanaopanda bua kufuata vidukari.

Basi ikabaki njia ya mikono. Kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, mimi na Baba tulipita mstari kwa mstari, tunafunua, tunachomoa, tunatia kwenye kopo la maziwa. Chiriku aliomba awe mbeba kopo. Baba akamtawaza kuwa msimamizi wa mateka. Kazi yake ilikuwa kulipeleka kopo kule nyuma ya tangi, kutia maji ya sabuni, kungoja, na kumwaga. Mimi nilikuwa nakimbilia kazini, sikuwa na muda wa kumsimamia msimamizi. Nilimwona tu anavyolibeba kwa mikono miwili, polepole, kama mtu aliyebeba maji ya kunywa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna siku nimeiruka. Ni ile siku, kabla ya kazi ya kopo, uliyotuambia karatasi zake zimekubaliwa, na ukataka apigwe picha ya pasipoti. Nilimpeleka mimi. Mpiga picha alimkalisha kwenye kigoda, akamwambia asicheke. Akajitahidi mpaka mashavu yakatetemeka. Tulipomaliza Chiriku aliniuliza picha isiyochekwa ni ya nini. Nikamweleza, kwa furaha kabisa, dada, nilikuwa na nia njema, kwamba ni ya kupandia ndege, kwamba Mama akija atamchukua waende kuishi huko, na atasoma huko, na atakuwa na kitanda chake. Akauliza mimi nitakaa kiti gani kwenye ndege. Nikamwambia mimi na Babu tutabaki kulinda nyumba. Nilimnunulia embe, akalibeba mpaka nyumbani bila kulimenya. Nilimwambia Baba mtoto amechoka na jua.

Nadhani kabla ya siku ile alidhani kuchukuliwa ni kama kupelekwa dukani: unachukuliwa, unarudishwa.

Mihindi ikatoa mbelewele, ikatoa ndevu. Yalikuwa mahindi machache, mafupi, lakini yalikuwa mahindi, na Baba akaanza kupata matumaini. Akasikia kwamba tone la mafuta ya kula kwenye ndevu humzuia funza asiingie. Ungemwona na kile kichupa cha dawa ya macho alichokiosha, anatia tone moja moja. Kesho yake anakuta ndevu zimekatwa na tundu limetoboka. Akawa hali vizuri. Akawa akisikia simu inaita anatoka nje. Unakumbuka mara ya mwisho ulipomuuliza mahindi yanaendeleaje, akakwambia yanapendeza mno, halafu akanirudishia simu haraka? Alikudanganya, na aliona aibu, akaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kule kwenye mistari yake. Aliniambia ameshindana na miamba, ameshindana na mvua zilizobomoa misingi, na sasa anashindwa na kitu kisicho na mfupa. Kwake yeye, kila kiwavi kilikuwa kinaitafuna njia ya binti yake ya kurudi. Alikuwa na hofu ya kitoto kabisa: kwamba yasipokomaa, mtoto ataamini kuwa huji.

Siku moja boila la kazini likaharibika. Bosi alituambia tungoje, mwisho akaturuhusu, nikafika nyumbani mchana wakati hakuna anayenitarajia. Baba alikuwa amelala kwenye kiti sebuleni na redio inaongea peke yake. Chiriku hakuwa chumbani. Nikapita jikoni, nikatoka mlango wa nyuma, nikamwona.

Alikuwa amechuchumaa katikati ya mistari na lile kopo kati ya magoti. Mkononi ana kijiti. Alikuwa anatoa kiwavi kimoja, anakiweka juu ya ndevu za hindi taratibu kabisa, anangoja mpaka kiingie, kisha anasogea kwenye hindi linalofuata. Kimoja kilianguka, akakiokota kwa vidole, akakipuliza vumbi. Kopo lilikuwa kavu, halijaona sabuni. Ndani alikuwa ameviwekea majani, ili visilane.

Sikupiga kelele. Sijui kwa nini. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye, na sketi yangu ya kazini. Akanitazama, akaficha kijiti nyuma. Nikamuuliza, “Chiriku, unafanya nini?”

Akasema, “Navirudisha kwao.”

Nikamuuliza anavirudisha kwa nini, na Babu anahangaika vile. Akawa anachora ardhini. Nikamngoja. Dada, huyu mtoto tunayemwomba anyamaze ili tusikie redio, siku hiyo nilingoja neno lake kama mtu anayengoja hukumu. Mwisho akasema, bila kunitazama, “Yakikomaa, Mama anakuja kunichukua.”

Nikamwambia ndiyo, na Mama anampenda, na ndiye aliyemzaa, na anafanya kazi usiku na mchana kwa ajili yake. Nilisema yote ninayotakiwa kusema, kama kasuku. Akakubali kila neno. Kisha akasema, “Mama wa kwenye simu ni mzuri. Nampenda. Abaki kwenye simu.”

Nimeliandika kama alivyolisema. Nimelifuta mara ngapi sijui, utaona karatasi imechakaa hapo. Dada, najua litakavyokuchoma. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa adabu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Ungedhani mdogo wako alilia. Nililia, lakini baadaye. Kitu cha kwanza nilichosikia kifuani kilikuwa furaha. Ilipita haraka, lakini niliijua kuwa ni furaha, na naijua mpaka sasa. Ananiita mamdogo, kama ulivyoagiza, na kila akiteleza akaniita Mama namsahihisha. Lakini akipata homa hasahihishiki, na mimi usiku wa homa huwa sisahihishi. Uliniachia mtoto aliyekuwa hajasimama. Alipiga hatua ya kwanza kati ya meza ya pasi na mlango, akaniangukia miguuni. Nilikupigia simu kukwambia, ukapiga kelele ya shangwe mpaka mzee mmoja huko akagonga kengele. Ulishangilia habari, dada, na mimi nilikuwa nimemshika mwenyewe. Hilo si kosa lako. Wala halikuwa kosa langu. Lakini ndivyo lilivyokuwa.

Sikumwambia Baba. Kesho yake asubuhi tukaokota viwavi kama kawaida, na tulipomaliza Chiriku akanyoosha mikono kudai kopo lake. Akanitazama usoni. Nilijua linakwenda wapi. Nikampa. Nikaenda kazini nikapiga pasi kola za watu mpaka jioni. Na kesho yake pia nikampa. Hayo ndiyo niliyokuwa nimebeba. Sikuvirudisha viwavi kwa mkono wangu, lakini mkono uliotoa kopo ni wangu, na nilikuwa mtu mzima mwenye akili timamu.

Aliyekatisha mambo ni Baba, bila kujua. Jumapili alitoka kuangalia hindi moja alilokuwa amelifunga mfuko wa karatasi ili lisiguswe na chochote, hindi lake la akiba, lile alilopanga kukukaribishia. Alipofungua akakuta funza ndani. Angetukana ningefurahi. Alikaa tu kwenye ndoo yake, mfuko mkononi. Unajua Baba hakulia hata siku tulipomzika Mama; alishika sururu akasaidia wachimbaji. Sasa alilia kwa sababu ya hindi, wazi wazi, kama mtoto aliyepotea sokoni, anasema nimemwangusha binti yangu, nimemwangusha binti yangu.

Mimi nilibaki mlangoni. Chiriku ndiye aliyekwenda. Akasimama mbele yake, akamwekea mkono kwenye lile goti bovu, akamwambia ni yeye. Akamwambia yote, kopo, kijiti, majani ya kuvilisha, mpaka kwenye mfuko wa karatasi, ambao aliufungua na kuufunga tena kwa fundo lile lile, kwa kuwa Babu mwenyewe alimfundisha kufunga fundo. Kisha akasema basi asilie, yeye atavitoa.

Na akaanza kuvitoa. Dada, hicho ndicho kitu ambacho sitaki kukiona tena. Alikuwa anavamia mahindi kwa mikono miwili, anachana maganda, anachomoa, anatupa, anarukia jingine, na kila alipotoa kimoja alikuta kingine, na vingine vilikuwa vimeshatoboa vikatoka vikaingia ardhini kugeuka nondo. Vilikuwa vimeacha kumsikia. Akaanza kulia kwamba ni vingi, ni vingi, havitoki, akimtazama Babu yake amsaidie, na Babu akinitazama mimi. Wote watatu tulikuwa tumesimama kwenye mistari ile iliyonyooka na hakuna aliyejua aanzie wapi. Hatimaye Baba alimnyanyua, na goti lake hilo, akamwingiza ndani.

Jioni aliniuliza kama nilijua. Nikamwambia nilijua. Nilitegemea kukaripiwa, na ningeshukuru. Aliniambia tu kwamba siku zote hizo alikuwa anapigana na mjukuu wake. Kisha akaniuliza, “Sasa tufanyeje?” Baba yetu, dada. Katika maisha yangu yote hajawahi kuniuliza tufanyeje. Siku zote yeye ndiye aliyesema fanyeni hivi. Tulikaa na swali lake mezani pamoja na vikombe.

Mahindi yamekomaa, kama unataka kujua. Ndiyo ajabu ya mambo haya. Wadudu wanakula kinachowatosha na hindi linaendelea kukomaa na kilichobaki. Jana Baba aliyavuna yote. Karibu kila moja lilikuwa limeliwa nchani, punje nyeusi, uchafu, njia za funza zimepita humu na humu. Baba alichukua kisu akakata sehemu mbovu, na vilivyobaki, vipande vifupi vya ajabu ajabu, tukavichemsha. Vitamu kweli, dada, hukutudanganya. Vina utamu wa kushangaza. Chiriku alikula, akasafisha gunzi, akaniuliza kama haya yamehesabika kuwa yamekomaa. Nilimwambia nitafikiri. Baba akainuka akaenda kunawa mikono ambayo ilikuwa safi.

Basi huko ndiko tulikofika. Tiketi umeshakata, likizo umeshapewa, kitanda chake umeshanunua na picha ya kitanda umetutumia. Ameiangalia, akasema ni kizuri, akaniuliza kama mtu akilala hapo akalia, anayesikia ni nani. Sina haki ya kukuomba umwache. Ni wako, na kila shati alilovaa limepita kwenye jasho lako. Lakini sina nguvu ya kumfungia sanduku pia. Nimejaribu. Nilikunja gauni moja, nikalikunjua. Ninapokuwaza wewe nasema aende. Ninapomtazama yeye nasema abaki. Nikijitazama mimi sijiamini hata kidogo, kwa sababu nimeshaona mkono wangu unavyofanya nisipouangalia.

Lile moja ninaloweza kukwambia ni hili: njoo. Usisubiri jibu langu wala la Baba. Lakini ukifika mlangoni, usimkimbilie kumkumbatia kama ulivyokuwa ukiniambia kwamba unaota kila siku. Kaa kwanza chini, kwenye ngazi, vua viatu, omba maji. Mwache yeye akutazame. Atakutazama sana. Usipoweza kuvumilia, nitazame mimi. Na kama mwisho wa likizo atakataa kupanda ndege, sijui tutafanya nini, dada. Na kama atakubali, hapo ndipo sijui kabisa.

Nisamehe kwa kopo. Na kama hutaweza kunisamehe sasa, usijilazimishe. Chukua muda wako, ila usiache kupiga simu, kwa kuwa kila siku ya simu yeye huoga mwenyewe bila kuambiwa.

Baba anakusalimu. Amesema nikwambie goti lake ni zima, na wewe unajua maana yake. Wasalimie wenzako wa kazini, na yule bibi unayemhudumia anayekushika mkono, mwambie huku wapo wanaomwombea afya njema.

Nilipokuwa naandika haya Chiriku alikuja akasimama nyuma ya kiti, akaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia namwandikia Mama. Akataka kujua kama barua inafika haraka kuliko ndege, nikamwambia wakati mwingine. Akafikiri, akaniambia basi nikuulize kitu kutoka kwake: kama unajua kusuka nywele bila kuvuta. Anasema mimi sivuti. Anasema anataka tu kujua.

Nijibu hilo kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
anayekupenda na kukungoja kwa hofu.